Orville Dettweiler na Rufaa Iliyochelewa Siku Moja

Marehemu Orville Dettweiler alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 mjini Vincennes, Indiana, mtoto wa pili wa Bwana Emil, fundi wa reli, na Bibi Hattie. Wasifu huu unasomwa na binti yake, Nadine, ambaye marehemu alimwomba asiupake sukari.

Alisoma hapo hapo Vincennes hadi mwaka 1961. Mwalimu wake mmoja aliwaandikia wazazi kwamba mtoto huyu anajua kubishana kuliko kusikiliza. Mwaka 1968 alihitimu sheria mjini Bloomington.

Tarehe 20 Juni 1970 alifunga ndoa na Lucinda Prather, mkutubi. Siku ya harusi alikwama pembeni na mchungaji, wakibishana kama watoto wasalishwe shuleni, mpaka bibi harusi akamfuata.

“Orville, Katiba itakuwepo kesho. Hii keki watu wanaimaliza.”

Baada ya kufanya kazi ya uwakili kwa miaka mitano, alianza kuandika makala ya kila wiki katika gazeti la Indianapolis, akiwaeleza wasomaji kesi za mahakamani na maana ya Katiba. Wakulima walimwandikia barua. Majaji walimsoma pia, na hilo lilimpendeza kupita kiasi.

Januari 1996 rufaa ya Clement Yancey, mfungwa aliyehukumiwa kwa mauaji, ilikataliwa. Siku ya mwisho ya kuipokea, ofisi ya mahakama ilifungwa mchana kwa sababu ya theluji. Wakili wake alifika saa nane akakuta mlango umefungwa. Karatasi zikapokelewa kesho yake, zimechelewa siku moja. Marehemu aliandika kwamba mahakama ilifanya sawa, kwani Katiba inamwahidi mtu utaratibu, haimwahidi huruma. Nadine, wakili kijana wakati huo, alimpigia simu.

“Baba, mlango ulikuwa umefungwa. Angepitia wapi?”

“Angekuja asubuhi, binti yangu.”

“Na kama hakuua?”

“Hilo silo swali lililokuwa mbele ya mahakama.”

Bwana Yancey alipoomba msamaha wa jimbo, makala ile ilisomwa mbele ya bodi ya msamaha, ombi likakataliwa, akarudishwa gerezani. Alikaa miaka kumi na miwili zaidi, hadi kipimo cha vinasaba kilipoonyesha kwamba muuaji alikuwa mtu mwingine. Mama yake alikuwa ameshafariki.

Marehemu aliandika makala moja tu baada ya hapo, ya kukiri kosa, akaacha kazi. Kisha alimwomba Nadine ampeleke Dayton, Ohio, alikokuwa Bwana Yancey akifanya kazi kwenye karakana ya magurudumu.

“Wewe ndiye yule wa gazetini,” Bwana Yancey alisema.

“Ndiye mimi. Nimekuja kukuomba radhi.”

“Mama aliikata ile makala yako akaitunza. Alitaka nikitoka nikujibu.”

“Nijibu sasa. Nitasikiliza.”

“Sasa hivi kuna mteja ananisubiri, mzee.”

Walikaa ndani ya gari mpaka karakana ikafungwa. Bwana Yancey aliwapita akaenda zake. Njia nzima ya kurudi Nadine, aliyekuwa amengoja miaka mingi kumwambia baba yake “nilikuambia”, hakulisema neno hilo.

Mwaka 2017 marehemu alipatikana na ugonjwa wa kutetemeka. Mikono iliposhindwa kushika kalamu, alimwomba mkewe amwandikie Bwana Yancey barua kila Januari. Hazikujibiwa. Alifariki nyumbani Vincennes, asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka themanini.

Ameacha mjane, Lucinda; watoto wawili, Nadine na Russell; wajukuu watano; na dada yake, Wilma. Bwana Yancey alipelekewa taarifa ya mazishi haya. Hakuja, na familia haimlaumu.

Mungu ampe Orville pumziko ambalo yeye mwenyewe hakujiruhusu.