Perpetua Asio Olinga, Daktari Aliyeuliza kwa Nini Dawa Iko Eldoret

Dada yetu tunayemlaza leo katika boma hili la Malaba alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1967, karibu na soko la Amukura. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Zephaniah Ikapel, mkulima wa pamba na katekista, na Mama Amuge, ambaye ameketi nasi hapa mbele. Kanisani alibatizwa Perpetua, lakini nyumbani tulimwita Asio. Mimi, mdogo wake Emong, nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Nitajaribu kutoongeza chumvi, maana yeye angenikatiza.

Asio akiwa mdogo, mama alichinja kuku kwa ajili ya padri aliyekuja kututembelea. Firigisi ilikuwa ya mgeni. Asio aliichukua, akaipasua, akamwaga mchanga wake juu ya jani la mgomba na kuuchambua, kwa sababu alitaka kujua kuku asiye na meno hutafuna na nini. Baba aliinuka kumchapa. Padri akaomba kwanza aonyeshwe huo mchanga, na wawili hao wakainamia lile jani hadi ugali ukapoa.

Alisoma shule ya msingi Amukura, kisha akaenda shule ya bweni ya wasichana. Alipomaliza kidato cha sita mwaka 1987, alifundisha kwa muda upande wa Sigalame kama mwalimu asiye na mafunzo. Huko ndiko alikoanza kujiuliza juu ya watoto waliochapwa kila siku kwa kutotulia, na kesho yake wakarudia yale yale. Kama kiboko ni dawa, aliwaambia walimu wenzake, mbona mgonjwa haponi? Mwaka 1990 alianza masomo ya udaktari Eldoret, akahitimu 1997. Alirudi huko mwaka 2006 kusomea udaktari wa familia. Wengi wetu hatukuelewa hiyo ni kazi gani. Alitueleza kwamba daktari wa familia ni yule anayemtibu bibi presha, anamtibu mjukuu kikohozi, na anajua nyumba yao iko wapi.

Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa na Hillary Olinga, wakala wa forodha hapa mpakani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Quinton na Vivianne. Hillary ni mtu wa kicheko na maneno mengi, na wanaomfahamu wanajua pia kwamba alikuwa akipoteza funguo, simu, hata gari lenyewe akisahau ameliegesha upande gani wa mpaka. Asio alimpenda hivyo hivyo, ingawa kulikuwa na miaka ambayo kutomaliza mambo kwa Hillary kulileta huzuni nyumbani. Hilo Hillary mwenyewe amenipa ruhusa nilisome.

Jambo ambalo limewaleta wengi wenu hapa lilianza mwaka 2014, alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ndogo hapa Malaba. Mama mmoja kutoka Bukhayo, Roselida Mukhwana, muuza nguo sokoni, alikuja na binti yake. Mtoto huyo alikuwa ameombewa, amechapwa, na amefukuzwa shule mbili. Asio alishuku ADHD, ile hali inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kushika jambo moja, si kwa ukaidi bali kwa namna ubongo wake unavyofanya kazi. Akamwandikia rufaa kwa daktari bingwa wa akili Eldoret. Mama Roselida alikwenda, ikathibitishwa kwamba mtoto ana hali hiyo, akaanza dawa. Baada ya miezi michache mama akaacha kwenda. Asio alipokutana naye alimuuliza sababu, na jibu lile alilirudia kila mahali maisha yake yote.

"Daktari, unanituma Eldoret kama ni hapo Korinda. Nikienda nafunga biashara, na wale wengine nyumbani nawaachia jirani. Mtoto ako hapa. Wewe uko hapa. Sasa kwa nini dawa iko huko?"

 Asio aliniambia jioni ile kwamba alikuwa amezoea kuwalaumu wazazi wanaoacha matibabu, na hakuwahi kufikiria kwamba ni matibabu yaliyowaacha wao.

Akachukua siku zote za likizo yake ya mwaka, akaenda kuketi pembeni ya yule bingwa Eldoret, akitazama jinsi anavyouliza na anavyosikiliza. Wakakubaliana kwamba yeye atapima na kutibu huku, na kila wiki watazungumza kwa simu juu ya wagonjwa wagumu. Hakumpa mtu dawa siku ya kwanza. Alisikiliza nyumbani, akasikiliza shuleni, akamsikiliza mtoto mwenyewe. Alipima macho, masikio na damu, akauliza juu ya usingizi na kifafa. Wengine hawakuhitaji dawa kabisa, bali mwalimu aliyekubali kuwaketisha mbele na mzazi aliyefundishwa kutoa agizo moja kwa wakati mmoja.

Haikupokelewa vizuri. Dawa yenyewe kisheria ni ya kufungiwa kabatini, na wakubwa waliogopa ingevushwa mpaka na kuuzwa. Mwaka 2015 kukawa na malalamiko kwamba daktari wa Malaba anawalevya watoto wa watu, na kliniki yake ikasimamishwa. Aliumia sana. Ilikuwa mara pekee nilipomsikia akisema afadhali angebaki kutibu malaria. Lakini kamati ya uchunguzi ilipokuja kumhoji, Mama Roselida aliomba naye aingie. Aliwaambia kwamba binti yake sasa humaliza kula akiwa ameketi, na kwamba wao kama familia wameanza tena kualikwa kwa watu. Alisema hayo tu, akatoka. Kliniki ilifunguliwa kwa masharti: kabati lenye kufuli mbili, na daktari wa pili kukagua kila mgonjwa mpya. Asio aliyapenda masharti hayo. Alisema angeyaweka mwenyewe kama angekuwa na akili.

Alikosea pia. Kulikuwa na mtoto kutoka Funyula aliyeletwa kwa kutosikia la mwalimu, kumbe hakusikia kweli. Sikio moja lilikuwa limekufa, na kipimo cha kwanza hakikulionyesha. Alikuwa amekwisha kumpa dawa. Alipogundua alikwenda hadi kwao, akaomba radhi mbele ya babu wa mtoto, na tangu siku hiyo aliwaanzia madaktari vijana aliowafundisha kwa kisa hicho kabla ya kingine chochote.

Mwaka 2018, Hillary alimwambia mezani, "Hayo maswali unauliza watoto wa watu, mbona mimi hujawahi niuliza?" Asio aliweka kijiko chini. Alikataa kumpima, kwa kuwa mtu hamtibu mume wake, akampeleka Busia kwa Daktari Etyang, daktari wa familia aliyekuwa mwanafunzi wake. Etyang alimwita Asio naye ndani, akamhoji kama anavyohojiwa mke yeyote: hali ya nyumbani ikoje, tangu lini, na yeye inamfanya ajisikie vipi. Kwa swali hilo la mwisho Asio alilia. Njiani kurudi alikuwa akicheka, akisema kijana ameuliza vizuri kuliko yeye. Hillary alikutwa na hali ile ile, akaanza kutibiwa akiwa na umri wa miaka hamsini na tatu. Bado anapoteza funguo. Lakini anasema alikuwa akidhani kila mtu huishi na redio kumi kichwani, na kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia mke wake akimaliza sentensi.

Mwezi Agosti 2023 Asio alianza kupungua uzito, na vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho. Alipokea matibabu hadi ilipoonekana hayasaidii, kisha akaomba kurudi nyumbani. Daktari Etyang alimhudumia kitandani. Maumivu yakipungua, Asio alimuuliza dawa imefika wapi mwilini na kwa nini miguu hupoa kwanza. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, asubuhi, Hillary akiwa amemshika mkono na Mama Amuge akisali kwa Kiteso.

Ameacha mume wake Hillary. Watoto wake Quinton na Vivianne. Mama yetu Amuge. Ndugu zake Ongodia, Alinga na mimi Emong. Na wapwa wengi. Wameachwa pia madaktari na matabibu wa Amukura, Busia na Funyula wanaopima leo kile ambacho zamani kilihitaji safari ya Eldoret.

Kamati ya mazishi ilikuwa imependekeza tumzike jana, Alhamisi. Hillary alikataa. Alhamisi ni siku ya kliniki ile, na wazazi walikuwa wameshapangiwa kuja. Basi jana Daktari Etyang aliwaona wote, na leo amekuja kumzika mwalimu wake.

Pumzika, Asio. Mungu akupe amani, na akujibu yote uliyobaki ukiuliza.