Mwalimu Miyoba Aliyesikiliza Kwanza, Akafundisha Baadaye

Marehemu Mwalimu Miyoba Hamaluba alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 kijijini Hamaluba, wilaya ya Monze, kusini mwa Zambia. Ndiye dada aliyeniachia ziwa mimi ninayesoma wasifu huu, Cheelo, kwa hiyo nikimsifu kupita kiasi mnivumilie.

Alisoma shule ya misheni, kisha chuo cha ualimu mjini Livingstone, akahitimu mwaka 1979. Likizo alitufundisha nyimbo za kanisa. Kwanza alitaka kila mmoja wetu aimbe peke yake, apate kujua nani anafuata midomo ya wenzake. Nilikuwa mimi.

Mwaka 1983 aliolewa na shemeji yetu Sitali Mubita, seremala Mlozi kutoka Mongu. Watani wakaoana, sisi Watonga wafugaji na wao Walozi wala samaki! Shemeji alisema ameoa Mtonga ili apate maziwa. Dada akasema ameolewa ili Mlozi huyu ajifunze kula kitu kisicho na miba. Walijaliwa watoto wanne.

Mwaka 1991 alihamia Shule ya Msingi Nakeempe. Darasa la tano lilimsomea kitabu kizima kwa pamoja bila kukosea. Dada hakuridhika. Alimwita kila mtoto kivyake, akampa sentensi mpya: fahali wa babu amemeza kofia ya padri. Luyando, kinara wa darasa na binti wa mkuu wa kijiji, Mzee Muchindu, aliitazama, kisha akakariri ukurasa wa kwanza wa kitabu. Basi dada akawapanga watoto wa madarasa yote katika makundi manne: herufi, silabi, maneno, na hadithi. Luyando akaangukia herufi. Baba yake alifika akifoka.

“Mwalimu, binti yangu mkubwa umemketisha na wanaonyonya vidole! Unanivua nguo mbele ya watu?”

“Mzee, wewe ndama unamfunga nira?”

“Ndama gani? Huyu anajua kitabu chote!”

“Anajua kukiimba. Nipe muhula huu. Asiposoma, nafungasha virago mwenyewe, wala msinisindikize.”

Kila baada ya wiki chache alimsikiliza tena kila mtoto. Aliyeiva alipanda kundi. Wengi walipokwama kwenye silabi, dada alisema kosa ni la somo lake, akalitupa, akatunga jingine. Tuliogopa sana, maana wakati huo nyumba yao na unga wa nshima, ugali wetu, vyote vilitegemea kazi ile.

Mwisho wa muhula wazazi walijaa uwanjani. Mzee Muchindu, asije akadanganywa na kukariri, alimwita shemeji Sitali aandike ubaoni lolote alitakalo. Kumpa mtani chaki! Luyando alisogea, akasoma polepole, kwa sauti: “Mtonga akizama mtoni na fahali wake, akiokolewa huuliza kwanza, fahali yu mzima?”

Uwanja ukaangua kicheko. Mzee Muchindu akaruka juu.

“Jamani, mwanangu ananitukana! Na ananitukana sawasawa, hajaruka hata neno! Mpeni mwalimu kibuyu cha chibwantu, anywe mpaka aombe msamaha!”

Dada alibaki Nakeempe mpaka alipostaafu mwaka 2017, na walimu wa shule za jirani walikuja kujifunza kwake. Najivuna, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka 2023 kiharusi kilimwondolea usemi. Luyando, ambaye leo ni mwalimu mkuu wa Nakeempe, alimletea watoto wamsomee kitandani. Dada aliwasikiliza, kisha akanyoosha kidole kimoja hadi vinne, kuonyesha mtoto aanzie kundi lipi. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Juni 2024.

Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu saba. Mdogo wao, Chabota wa darasa la pili, alimsomea jioni ya mwisho hadithi ambayo hakuwa ameiona kabla. Bibi yake alinyoosha vidole vinne. Kisha akaongeza cha tano, na kundi la tano hatujawahi kuwa nalo.

Mwalimu, watoto wanasoma. Pumzika sasa, kwa amani.