Akiba ya Upande wa Kushoto

Marehemu Mama Scholastika Mkude alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 katika kijiji cha Bunduki, Mgeta, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Paulo Mkude. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972. Sekondari haikuzungumzwa nyumbani, na jambo hilo lilimuuma hadi uzeeni.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na marehemu Raphael Banzi, wakahamia Nyandira. Alilima kabichi na njegere, na zamu za maji ya mfereji alizisimamia yeye. Shambani alikuwa mkali, mlangoni laini: cha mtu hakukikataa. Siku moja alikula kwa mawifi watatu, akarudi anaugulia tumbo. "Ningewaambiaje nimeshiba, nao wameshapika?"

Tarehe 11 Juni 2025 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Agosti alipimwa Dar es Salaam. Kifaa kiliwekwa pembeni mwa kichwa, akaambiwa abane pumzi, ili waone kama damu itaongezeka kwenye ubongo. Upande wa kulia iliongezeka, wa kushoto ikabaki vilevile. Daktari alieleza kwamba mishipa ya upande ule, unaoendesha mkono wa kulia, imeshafunguka yote, akiba hakuna. Akaagiza presha isishushwe bila ruhusa yake. Marehemu alielewa kabla yetu.

"Kwa hiyo mfereji uko wazi wote. Maji yakipungua juu, huku chini ni kukauka tu."

Niliyasema hayo kwenye kikao cha ukoo. Mjomba Tomasi, kaka yake, alinijibu, "Tangu lini presha ikaachwa juu? Mwanangu, huyo daktari anamfanyia majaribio dada yangu."

Basi wageni wakaanza kuleta dawa za kushusha presha: rosela, kitunguu saumu, majani ya mlonge. Kila mmoja alisubiri mpaka kikombe kiishe. Mjomba akaongeza vidonge vyake mwenyewe vya presha. Mama alinitazama, akanywa.

Jumamosi, tarehe 7 Februari 2026, asubuhi, alipimwa, mkashangilia kwamba presha imeshuka. Mchana hakuweza tena kusema. Alifariki Jumatatu, tarehe 9. Hospitali walisema upande wa kushoto ulikosa damu.

Tangu juzi mnaniambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuchemsha rosela.

Marehemu ameacha watoto watatu, mimi Lucy, Joseph na Innocent, wajukuu saba, na kaka mmoja, Tomasi. Vyombo mlivyomletea dawa nimeviosha, vipo jikoni. Tukishazika, kila mtu aondoke na chake.

Apumzike kwa amani, huko asikokuwa na mgeni wa kumwonea haya.