Dada Aliyekataa Kubadilisha Kura

Mchungaji, ndugu na majirani, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, Wilma Ruth Bosker, na ingawa shule niliiachia darasa la nane, hakuna fundi bomba hapa Kalamazoo anayenishinda kwa maneno, ila leo maneno yenyewe yananigomea.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 katika shamba la selari, mboga ya majani, la baba yetu huko Portage, akahitimu ualimu mwaka 1953, na tarehe 18 Juni 1955 akafunga ndoa na Harold Bosker, wakajaliwa wana wawili, Dale na Philip.

Mwaka 1967, serikali ilipoleta mafunzo ya kusoma kwa watoto, Wilma aliajiriwa kupima kama yanafaa kitu, kazi ambayo siku hizo haikuwa na chuo wala jina, hata mama alipoulizwa kanisani binti yake anafanya nini, alijibu, "Anachunguza watoto wa watu." Majina ya watoto yaliandikwa kwenye vikaratasi na kupigiwa kura ya bahati, nusu wafundishwe, nusu wangoje miaka miwili ili walinganishwe, na binti yangu Lena, wa miaka saba, akaangukia kundi la kungoja. Nikamwendea, "Dada, badilisha hako kakaratasi, nani atajua?" Akajibu, "Nitajua mimi, Gerrit. Nikimhamisha Lena, kipimo chote ni uongo." Hakumfundisha hata herufi moja miaka hiyo, asije akaharibu kipimo, lakini Jumamosi ya kwanza baada ya mtihani wa mwisho, Juni 1969, alikuja na vitabu mkononi, nami nikamfungia mlango.

Waliofundishwa waliwaacha wenzao mbali, na shule zote za wilaya zikapewa mafunzo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema majina yalipangwa kwa upendeleo. Lakini Lena wangu alikuwa ameshapita madarasa hayo, akamaliza shule akisoma kwa kukwamakwama. Mwaka 1974 alianzisha darasa la kwanza la tathmini chuoni, na mwaka 1981 yeye na wenzake wakaandika kanuni za kazi hiyo, mojawapo ikisema mtathmini asipime mahali alipo ndugu yake, na hiyo, mabibi na mabwana, chanzo chake ni mimi.

Februari 1994 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 9 Mei nilimkuta Lena kando ya kitanda akimsomea Zaburi bila kukwama, nikamuuliza alijifunza lini. "Kwa shangazi, baba, tangu nina miaka kumi na tisa. Alisema nisikwambie, utanuna." Nikatoka hadi koridoni kutafuta la kumwambia dada yangu, na niliporudi alikuwa amekata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta supu ya njegere, na watathmini wenzake mliosafiri kutoka mbali. Dada, lile neno nililokuwa nalitafuta koridoni nalisema hapa mbele ya watu wote: nisamehe, kisha upumzike kwa amani.