Mzee Finbari Atakwenda na Nani Jumamosi

Benchi letu ni la kituo cha basi, mbele ya nyumba ya wazee, huku Mount Dennis, Toronto, na saa tisa alasiri shifti ya asubuhi ikitoka hatupandi basi la kwanza wala la pili, tunakunywa kwanza kahawa ya tangawizi ya Mehboob, maana siku nzima ndani tumesema Kiingereza na ulimi umechoka. Mehboob ni fundi wa taa na mabomba, mtu wa Tanga, tunamwita Magongo kwa sababu haziishi dakika tano hajakukumbusha kwamba alicheza mpira wa magongo shuleni. Eustache anapiga deki, lakini kule Uvira alifundisha hesabu, basi yeye ni Profesa. Mama Donatienne wa Bukavu ana miaka kumi na moja ghorofa ya pili, anajua kila mzee na kila ufunguo, huyo ni Waziri. Mimi ni Ariane, mtunzaji, nina miezi miwili tu kazini na bado niko kwenye majaribio, wananiita Kimya, na Alhamisi hiyo nilikuwa kimya kuliko siku zote kwa sababu nilikuwa na neno tumboni na nilikuwa naogopa kulitoa.

Neno lilimhusu Mzee Finbari wa chumba cha kumi na nne. Mzee wa Ireland, miaka themanini na mbili, zamani alichezea mkoa wake mchezo wao wa haling, watu kumi na watano kila upande na fimbo mikononi, wanagombea kampira kadogo kagumu kama jiwe. Jumamosi chama cha Waairishi wa hapa Toronto kinamwandalia heshima uwanjani, yeye ndiye atakayerusha mpira wa kuanzisha mechi. Watatuma gari, na ndani kuna nafasi ya mfanyakazi mmoja tu wa kumsindikiza. Manija kasema mzee achague mwenyewe. Sasa pale benchini kila mtu alikuwa ameshamchagulia.

— Mimi sina wasiwasi, — Waziri akasema, huku anapuliza kikombe. — Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee akienda na mimi, nyumba nzima itapona.

— Hapo mgeni ni nani, mama? — Profesa akauliza.

— Mgeni ni uwanja. Usinivuruge.

— Samahani sana, Mama Donatienne, — Magongo akasema, — lakini fimbo inaeleweka na aliyeshika fimbo. Mimi nimecheza magongo. Winga ya kushoto. Mzee akiniona, anaona mwenzake.

— Magongo yenu yanatambaa chini, ndugu, — Profesa akamwambia. — Ya mzee yanapita juu ya vichwa vya watu. Wewe shuleni ulikuwa unapiga deki kama mimi, tofauti ni kwamba hukuwa na ndoo.

Waziri akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sketi. Magongo hakucheka.

— Na wewe Profesa utakwenda kufanya nini kule? Kufuta nyasi?

— Hesabu. Mpira ukiingia chini ya mwamba ni goli, na goli ni pointi tatu. Ukipita juu, pointi moja. Nani mwingine hapa ataweza kufuata?

— Ngoja, — Waziri akasema. — Ukipiga juu unapewa pointi?

— Unapewa.

— Bukavu ukipiga juu unatukanwa mpaka bibi yako kaburini! Kumbe ndiyo maana alicheza miaka kumi na mitano.

— Kumi na saba. Kaniambia mimi.

— Lini?

— Nilipokuwa nafuta chini ya kitanda chake.

— Nani anamwambia ukweli mtu aliye chini ya kitanda? Mimi kaniambia uso kwa uso, kumi na mitano, na medali tatu.

— Medali hazipo, — Magongo akasema. — Nimetengeneza taa ya kabati lake. Hakuna medali.

— Ameziyeyusha akatia meno ya dhahabu.

— Meno yake ni ya plastiki, mama. Yako kwenye glasi, unayaosha wewe mwenyewe.

— Hayo ni ya hapa. Ya dhahabu aliyaacha kwao.

Profesa akainua kidole kama yuko darasani.

— Tazameni vidole vyake. Vinne vimepinda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye kavunjika vidole, maana yake alisikia nusu. Na lile kovu juu ya jicho si la fimbo. Pale alichanjwa dawa. Mtu hawezi kuudaka ule mpira hewani kwa mkono mtupu, katikati ya fimbo kumi, bila dawa.

— Wazungu hawachanjwi, — Waziri akasema.

— Waairishi si wazungu wa kawaida. Alicheza mbele ya watu elfu hamsini, hakulipwa hata senti, Jumatatu asubuhi anakamua ng'ombe. Niambie wewe ni mzungu gani huyo.

— Kovu ni la askofu, — Magongo akasema, taratibu, kama mtu anayetoa siri ya serikali.

Tukamtazama wote.

— Zamani kule askofu ndiye alikuwa anarusha mpira wa kwanza. Mzee akapiga kabla askofu hajatoa mkono. Fimbo ikampata. Watu wakamrukia mzee, wakamchana pale juu ya jicho, na usiku uleule akapanda meli kuja Kanada.

— Yesu wangu! — Waziri akajishika kifua. — Basi ni lazima niende mimi, nimwombee palepale uwanjani.

— Lazima niende mimi! — Magongo akasema. — Mkatoliki hawezi kuonekana karibu na mtu aliyempiga askofu.

— Aliyempiga askofu umemzaa wewe sasa hivi kwa mdomo wako!

Wakaanza kupandishiana sauti, na mwanamke mmoja aliyekuwa anangoja basi akauchukua mkoba wake akasogea mbali. Ilianza kama mzaha lakini haikuwa mzaha tena, nilikuwa nawaona macho yao. Profesa akasema Waziri anampelekea mzee uji wa moto kuliko wenzake ili achaguliwe. Waziri akasema taa ya chumba kile haikuwa mbovu kamwe, na Magongo ameitengeneza mara nne wiki hii. Halafu akageuka.

— Mzee anacheka na mimi. Wengine anawaambia asante tu. Haya, Kimya, wewe amewahi kukuambia kitu chochote?

— Hapana, mama, — nikasema.

Nilidanganya. Asubuhi ileile, saa moja na nusu, nilikuwa nimepiga magoti namvalisha soksi ya pili juu ya ya kwanza kwa sababu nilikuwa nimechelewa tena, mzee akautazama mguu akasema, wewe unaogopa, nikasema ndiyo, akasema mimi pia, miaka kumi na mitatu, kabla ya kila mechi nilikwenda nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo nikatapika, kila mechi, mke wangu alidhani nakwenda kusali. Nikamwuliza, na Jumamosi je, unataka kwenda? Akasema hapana. Akasema wale watu wanamngoja yule kijana wa kwenye picha, na watakayemwona ni mzee anayetetemeka, asiyeweza hata kurusha mpira ukafika. Lakini kama watanilazimisha, akasema, uje wewe.

Nisijifanye mtakatifu. Nilipotoka chumbani nilicheka peke yangu kwenye korido. Miezi miwili nilikuwa nasikia kicheko chake na Waziri kupitia ukuta na kinanichoma, sijui kwa nini mtu anaona wivu kwa kicheko cha mzee wa watu lakini mimi niliona, na sasa aliyechaguliwa ni mimi. Nikinyamaza, Jumamosi naenda mimi. Nikisema hataki, haendi mtu, na juu ya hayo Waziri atajua kwamba mzee wake alinifungulia moyo mimi nikamficha. Na Waziri si mtu wa kuudhi. Kituo cha watoto ninapomwacha binti yangu Carmel kinafunguliwa saa moja kamili na mimi natakiwa kazini saa moja kamili, hata nikikimbia nafika na robo, na ile robo saa kengele za wazee wangu anaziitikia yeye, kila siku, wala hajamwambia manija. Akiacha siku moja tu, majaribio yangu yamekwisha, na mimi na mtoto hatuna mwingine wa kutushika.

Hapo ndipo akatoka Qurratulain, msichana mpya wa jikoni, wa Arusha, bado na kofia ya nailoni kichwani.

— Shikamooni. Ankal Mehboob, kuna kahawa?

— Marahaba, binti. Kaa. Tunamjadili mzee wa haling, nani aende naye Jumamosi.

— Yule wa kumi na nne? — Akapokea kikombe. — Sahani yake inarudi nzima tangu Jumatatu. Supu, viazi, hata jeli hagusi.

— Furaha hiyo, — Waziri akasema. — Jumatatu ndiyo siku aliyoambiwa habari.

Qurratulain akanywa kidogo, akatutazama mmoja mmoja.

— Hivi, kuna mtu amemwuliza kama anataka kwenda?

Magongo akaanza kufunga kifuniko cha chupa ya kahawa, na kilikuwa kimeshafungwa. Waziri, mtu wa miaka kumi na moja ghorofa ya pili, akatazama barabarani kama basi ndilo lenye jibu. Basi halikuwepo. Nikahesabu moyoni, nikasema acha wanyamaze, saa hii itapita, Jumamosi ni keshokutwa tu. Halafu nikaiona ile sahani nzima ya tangu Jumatatu.

— Mimi, — nikasema. — Mimi nilimwuliza. Hataki.

— Wewe? — Waziri akasema.

— Asubuhi, mama. Nikimvalisha soksi. Anaogopa. Alikuwa anaogopa hata zamani, kila mechi alikuwa anatapika kwanza. Hataki watu wamwone.

— Alikuambia wewe.

— Ndiyo, mama.

— Miaka mitatu namnyoa ndevu yule mzee, — akasema, lakini hakuwa anatuambia sisi.

Hakuna aliyetoa methali. Waziri akamimina kahawa yake iliyobaki kwenye majani, akamrudishia Magongo kikombe, akasimama, akajipangusa sketi. Akaanza kurudi mlangoni.

— Mama, unakwenda wapi? — Profesa akauliza.

— Kwa manija. Hakuna kwenda Jumamosi. Wanaomtaka waje wamwone hapa, amekaa kwenye kiti chake, amejifunika blanketi.

Akafika mlangoni, akausukuma ule mlango kwa bega, akasimama nusu ndani nusu nje. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niseme.

— Ariane.

— Abee, mama.

— Kesho usichelewe.