Viboko wa Ngarambe

Mwaka ule wa Maji Maji tulivuka Rufiji kwa mtumbwi watu kumi na mmoja, sote tukienda Ngarambe kwa mganga kuchukua dawa ya kugeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Bahati yetu, askari wa huyo huyo Mjerumani naye akapanda. Akitugundua, ni kamba shingoni.

"Mnakwenda wapi wote na vibuyu?" akamwuliza Mzee Huseni wa Mbwara. "Kutembea tu, bwana askari. Tunakwenda Ngarambe kutazama viboko." Askari akaonyesha mtoni, viboko saba wakitukodolea macho. "Na hawa?" "Hawa tumewazoea, bwana. Wa kule wanene, wakipiga miayo unahesabu meno." "Mmeacha shamba la pamba kwa ajili ya miayo?" "Ni bure, bwana." Hapo mzee hakusema uongo, kwenye pamba hata kwa miayo tulichapwa.

"Na vibuyu?" "Vya maji, tuna kiu." "Mbona vitupu?" "Ndiyo maana tuna kiu." Nikauma kaniki yangu nisicheke, mtumbwi ukatikisika kwa matumbo ya wenzangu waliozuia kicheko.

Askari akafikiri sana. "Kwetu hakuna viboko. Nitafuatana nanyi nikawaone hao wanene." Kicheko kikatukauka. "Ni mbali, bwana," akasema mzee. "Si umesema bure?"

Mtumbwi ukagota ukingoni. Askari akatangulia kushuka, akanishika mkono kwa adabu, bibi kizee mimi, nisianguke, nami moyoni nikimwomba Mungu tukute Ngarambe kiboko mmoja tu, mnene.