Mikono Miwili ya Kushoto

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya ninayotaka kuyasema sitaweza kuyarudia.

Vitu vyangu si vingi na sitaki mvigombanie. Cherehani ichukue wewe, kifungua mimba wangu. Unajua inavyokata uzi na namna ya kuibembeleza. Magunia mawili ya vitambaa vilivyobaki ni yako, kitinda mimba, pamoja na kopo la tepe. Usitupe hata kipande cha upana wa vidole viwili, hicho kinatosha ua: kikunje, kipige bandi ya mishono mirefu ukingoni, uvute uzi kijikusanye, ukizungushe, ushone kifungo katikati, na ncha za utepe wa kufungia uzipitishe kwenye moto wa mshumaa zisifumuke. Kwa maua hayo, na vibanio vya nywele, na wanasesere wa viraka, mlisoma wote watatu. Wewe, mwanangu wa kati, mwanamume wangu pekee, uliyechekwa shuleni kwa begi la rangi kumi na mbili, sikuachii kitu. Nakuachia kazi, na nitakuambia ni kazi gani.

Mmekua mkijua kwamba shangazi yenu alifukuzwa kwa fundi kwa sababu aliharibu gauni la bibi harusi, akakana, akatununia miaka yote hii. Ndivyo nilivyowaambia. Si kweli.

Mimi na wifi yangu tulikuwa tukikata kwenye meza moja. Yeye alikata kiwiliwili cha gauni, mimi mikono. Ilikuwa hariri nyeupe, mteja kaileta mwenyewe, na haikuzidi hata shubiri. Nilikata mkono wa kwanza, nikasahau kugeuza karatasi ya kipimo, nikakata wa pili. Kuilinganisha, nikaona yote miwili ni ya kushoto. Fundi mkuu, yule tuliyemwita Sentimita, akaishika akauliza nani kakata. Wifi yangu alikuwa ametoka kuchota maji. Baba yenu alikuwa na mwezi wa nne hana kazi, na wewe kitinda mimba ulikuwa tumboni. Nikasema, "Ni yeye. Nilimwona."

Aliporudi alifokewa na kufukuzwa mbele ya wateja, akanitazama, akingoja niseme. Nikainamia cherehani nikaendelea kukanyaga. Akavua futi ya kupimia shingoni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akaenda zake.

Alipokana mbele ya baba yenu, baba yenu alimwita dada yake mwongo, akafa hajalifuta neno hilo. Ile mikono niliambiwa niitupe, nikaileta nyumbani. Yale maua meupe uliyovaa kichwani siku ya harusi yako, kifungua mimba wangu, yaliyosifiwa na kila aliyeingia, yalitoka humo. Nilikuwa nacheka na wageni huku moyo umenikauka.

Juzi mlipokuwa kazini nilimtuma jirani amwite, akaja. Nikamweleza yote. Hakulia. Alisema tu, "Nilijua tangu siku ile, wifi. Nilikuwa nangoja." Kisha akaliona ua lililonishinda kwa hivi vidole vilivyovimba, akalichukua, akalimalizia, akakata uzi kwa meno, akaliweka hapa kwenye mto, akaondoka bila kuaga. Sijui kama amenisamehe, na msimuulize.

Sasa kazi yako, mwanangu wa kati. Siku ya kunizika, kabla watu hawajaanza kunisifu, umsimamishe shangazi yako karibu nawe, useme kwamba gauni lile liliharibiwa na mama yenu, na kwamba mama yenu alisema uongo. Usitikise kichwa. Najua ni aibu, lakini ni yangu. Nyinyi mnanibebea tu hadi kaburini. Baada ya hapo, kila wiki mmoja wenu aende kwake, akae, ale naye, si kuchungulia mlangoni na kukimbia.

Nipe maji... Yatosha.

Mungu awape mikono isiyokosa kazi. Awape usingizi, wanangu, ule ambao mimi... Msiachane. Dada zako uwaangalie.

Na siku hiyo, baba, sema kwa sauti... hata wa nyuma wasikie. Mimi ilinishinda.